Uzi wa spindo umelala: kuchomelea, kuchonga upya au kubadilisha?

Swali: "Habari za kazi, fundi. Nina Land Cruiser HZJ79 iliyorefushwa, ya kubebea wageni, niko Arusha. Wiki hii tulifungua gurudumu la mbele kushoto ili kubadilisha grisi na sili. Nati zilitoka kwa shida, na tulipotaka kurudisha ile ya ndani ikagoma baada ya mizunguko miwili. Tulipofuta grisi tukakuta uzi wa mwanzoni umelala, na katikati kuna jeraha kama la tindo. Fundi wa kwanza anasema tulazimishe kwa bomba refu, uzi utajitengeneza wenyewe. Wa pili anasema nati ikishafika mahali pake tuipige pointi mbili za weldingi isije ikafunguka. Wa tatu anataka spindo ijazwe weldingi ikachongwe upya. Na kuna mtu mtaa wa Unga Ltd ana spindo mtumba. Jumamosi nina wageni wa Tarangire na Ngorongoro. Nimsikilize nani? Na je, si nati hiyo ndiyo inayobeba gurudumu lote?"

Pole kwa usumbufu. Umefanya vizuri sana kusimama nati ilipogoma, maana hasara kubwa kwenye kazi hii huanza pale mtu anapoongeza urefu wa bomba. Nikujibu kwa kifupi kwanza, halafu tuingie ndani. Usilazimishe nati. Usiichomelee kwenye spindo, yaani ule mhimili ambao gurudumu linazunguka juu yake, hata kwa pointi moja. Uzi, ile mistari ya chuma ambayo nati inajizungushia, ukiwa umelala mwanzoni tu unatengenezeka kwa mkono na kwa tupa, na huenda ukamaliza kazi hiyo leo hii. Jeraha la katikati ndilo linaloamua kama spindo hiyo inarudi barabarani au inawekwa pembeni. Kama inawekwa pembeni, kumbuka kwamba kwenye gari lako spindo imefungwa kwa bolti tu kwenye nako, ile sehemu inayogeuka na usukani. Inatoka na nyingine inaingia. Ukilijua hilo, nusu ya mabishano ya mafundi wako inakwisha.

Sasa swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalowatisha watu wengi na kuwafanya wakaze kupita kiasi. Nati haibebi uzito wa gari. Uzito unatoka kwenye spindo, unapita kwenye beringi mbili, unaingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu), kisha rimu na tairi hadi chini. Unabebwa na zile sehemu laini za spindo ambazo beringi zinakaa juu yake. Uzi hauhusiki na mzigo huo wa juu kwenda chini.

Kazi ya nati ni nyingine, na si ndogo. Beringi za habu yako ni za koni: roli zake zimekaa mshazari, na zile mbili zinatazamana. Beringi ya namna hii ikibebeshwa uzito haitulii mahali pake, bali husukuma kwa pembeni, na ile ya nje inasukuma kuelekea kwenye nati muda wote gari likiwa linatembea. Ukikata kona, gurudumu la upande wa ndani wa kona linavutwa kutoka kwenye gari, na mvuto huo unaishia kwenye beringi ya nje, kisha washa, kisha nati, kisha uzi. Ukigonga jiwe kwa ubavu au ukizama kwenye mfereji wa barabara ya changarawe, ni hivyo hivyo. Kwa hiyo nati inafanya mambo mawili: inazuia habu isivutike kutoka, na inashikilia nafasi ya beringi katika kiasi kidogo sana, ambacho jicho halikioni ila beringi inakihisi.

Hapo ndipo uzi mbovu unapokuwa hatari kwa namna ambayo wengi hawaitegemei. Watu wanaogopa nati itafunguka gari likiwa mwendoni. Linawezekana, lakini linalotokea mara nyingi zaidi ni kwamba mkono wa fundi unadanganywa. Nati ikipita kwenye uzi uliolala inakuwa ngumu, spana inakaza, kila mtu anaridhika. Kumbe ugumu ule ni wa uzi, nati haijaigusa beringi vya kutosha. Gari linaondoka likiwa na nati ngumu na beringi iliyolegea. Au kinyume chake: fundi anaongeza nguvu ili nati ipite pale pagumu, inapita ghafla, na nguvu yote inaangukia kwenye beringi. Beringi ya koni ikikazwa kupita kiasi inachemka, grisi inayeyuka na kutoka kwenye sili, roli zinaungua. Mwishowe ringi ya ndani inaanza kuzunguka juu ya spindo na kuila ile sehemu laini. Spindo iliyokuwa na tatizo la uzi tu sasa ina tatizo la chuma chenyewe. Kukaza sana si usalama, kwenye beringi hizi ni uharibifu.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza cha uzi wa spindo ni vidole vyako: nati mpya, kwenye uzi safi uliopakwa mafuta kidogo, lazima iende kwa vidole kutoka mwanzo hadi inapogusa washa. Kama inahitaji spana kabla haijafika hapo, uzi haujawa tayari.

Jambo la pili ambalo litakusaidia kuamua: mizunguko ya uzi haibebi mzigo sawa. Kwenye nati yoyote ya chuma, mzunguko wa kwanza ulio karibu na kitu kinachobanwa unabeba sehemu kubwa, takriban theluthi moja ya mzigo, unaofuata unabeba pungufu, na ile ya mwisho karibu haina kazi. Kwako, upande unaobanwa ni upande wa beringi, yaani kule ndani. Kwa hiyo uzi wa mwanzoni mwa spindo, huu unaouona umelala na kukukera, una kazi moja tu: kuipitisha nati. Nati ikishaingia, uzi huo haushikilii kitu. Uzi wa ndani, unaoonekana mzima kwa sababu uko mbali na macho, ndio unaoshikilia gurudumu. Jeraha dogo kule lina uzito kuliko vurugu kubwa ya mwanzoni.

Na hilo jeraha la katikati, nina hakika umelitaja kwa jina lake: tindo. Nati ya ndani iko chini kabisa ndani ya habu. Fundi asiye na spana ya boksi ya milimita 54 akishatoa nati ya nje, anaingiza tindo kwa pembeni na kuigonga nati ya ndani izunguke. Tindo haina pa kuegemea isipokuwa juu ya uzi ulio mbele ya nati. Kila pigo la nyundo linailaza milima ya uzi kidogo, na siku moja linateleza na kuchimba. Halafu nati inatolewa kwa nguvu juu ya uzi ule ule uliolazwa, na uzi wa nati nao unakwanguliwa. Kwa hiyo hesabu kwamba nati zako zote mbili zimeumia, hata kama kwa macho zinaonekana nzuri. Nunua mpya pamoja na washa ya loki. Na nunua boksi ya 54. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na chochote tunachojadili hapa, na magari mengi ya Toyota ya ekseli nzima mbele yanatumia hiyo hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Toa habu, toa beringi zote uziweke mbali kwenye kitambaa safi. Ziba tundu la spindo kwa kitambaa, kwa sababu spindo yako ni bomba: ndani yake inapita shafti, na kuna bushi ya shaba. Chembe ya chuma ikiingia humo itasaga bushi na shafti kwa pamoja. Safisha uzi kwa mafuta ya taa na brashi ya waya laini mpaka kila bonde la uzi lionekane. Usihukumu uzi wenye grisi.

Kabla hujagusa tupa, piga alama. Rudisha habu na beringi zake na ile washa yenye ulimi, bila nati, uisukume hadi mwisho. Kwa maka au rangi, weka alama kwenye uzi pale washa inapoishia. Pima unene wa nati ya ndani, weka alama ya pili. Ongeza washa ya loki na nati ya nje, weka alama ya tatu. Sasa toa habu utazame. Una maeneo matatu: la nati ya ndani, la nati ya nje, na ncha ambayo haikaliwi na kitu. Tumia tochi, zungusha jicho pande zote, na uandike jeraha liko eneo gani na linakula kiasi gani cha mzunguko. Mafundi wako watatu wanabishana kwa sababu hakuna aliyefanya hivi. Kila mmoja anajibu kuhusu jeraha analolidhania.

Kwenye ncha, na kwenye eneo la nati ya nje ikiwa jeraha halizidi upana wa kidole na bonde la uzi bado lipo, tengeneza kwa tupa. Ipo tupa maalumu ya uzi, ya pembe nne, yenye meno ya umbali tofauti kila upande. Unachagua upande unaolala sawasawa kwenye uzi mzima wa jirani. Ukiikosa, tupa ndogo ya pembe tatu yenye meno laini inafaa, mradi uende taratibu. Anzia kwenye uzi mzima, ifuate njia yake, uingie kwenye uzi mbovu huku ule mzima ukikuongoza. Hukati uzi mpya. Unaondoa tu chuma kilichosukumwa nje ya njia. Ukiona unatoa unga mwingi wa chuma, simama, umeanza kupunguza uzi badala ya kuunyoosha.

Kwa ncha iliyolala pande zote kuna njia bora kuliko tupa, nayo ni kusafisha uzi kutoka ndani kuja nje. Dai ya kawaida, kifaa cha kukatia uzi, inaingilia mbele, penye uzi mbovu, na ni rahisi sana ishike njia isiyo yake na kukata uzi wa pili juu ya ule wa kwanza. Vipo vifaa vya kusafishia uzi wa ekseli vinavyofunguka kama taya: unavibana kule ndani kwenye uzi mzima, unavizungusha kuja nje, na uzi mzima ndio unaoongoza. Kwa asiye navyo, mafundi hukata nati nzima vipande viwili kwa msumeno, wanasafisha kingo zake, wanavibana kwa klampu juu ya uzi wa ndani, kisha wanazungusha kuja nje kwa mafuta, wakikaza klampu kidogo kidogo. Ni kazi ya subira, inafanya vizuri, na nati iliyotumika hivyo haifungwi tena kwenye gari.

Ukimaliza, osha tena, puliza kwa upepo, na ujaribu nati mpya kwa vidole. Halafu fanya jaribio ambalo wengi hulisahau: nati ikiwa katika eneo lake la kazi, bila beringi, ishike na uitikise mbele na nyuma. Nati yoyote inacheza kidogo kwenye uzi. Nenda upande wa kulia wa gari, au kwenye spindo nyingine nzima, ulinganishe. Ikiwa ya kushoto inacheza waziwazi zaidi, uzi umekonda, na hakuna tupa itakayourudisha.

Eneo la nati ya ndani nalichukulia kwa ukali zaidi, na nakwambia wazi kwamba hiki ni kipimo changu cha karakanani. Kama pale kuna mdomo tu wa chuma ulioinuka, uondoe kwa tupa na uendelee. Kama uzi umepotea, yaani mlima wenyewe haupo au umelazwa zaidi ya robo ya mzunguko, spindo hiyo siifungi kwenye gari la kubeba watu. Si kwamba gurudumu litatoka kesho. Ni kwamba mzigo ule wa theluthi unahamia kwenye mizunguko inayobaki, na sina namna ya kujua imebakiwa na nguvu kiasi gani.

Ukiwa hapo hapo, usitazame uzi peke yake. Pitisha ukucha kwenye sehemu mbili laini zinapokaa beringi. Ukihisi mfereji, au ukiona chuma kimegeuka rangi ya buluu, beringi ilishachemka na ringi ilishazunguka, na mjadala wa uzi umekwisha: badilisha. Tazama pia mfereji ule mrefu unaoshika ulimi wa washa. Ulimi huo ndio unaozuia beringi inapozunguka isiizungushe nati. Kingo za mfereji zikiwa zimeliwa, au ulimi umekonda, nati itafunguka au itajikaza hata uzi ukiwa mpya. Na pale spindo inapokutana na flenji yake, ule uso wenye matundu ya bolti, kwenye kona ya ndani, ndipo nyufa huanzia. Ukiwa na shaka, kuna dawa nyekundu ya kupulizia pamoja na unga mweupe unaoonyesha ufa kwa mstari mwekundu. Gereji inayojali kazi yake haikosi kujua pa kuipata.

Sasa weldingi, kwa sababu mafundi wawili kati ya watatu wameitaja. Ile ya kupiga pointi kwenye nati, ikatae kabisa. Nati hiyo lazima ifunguke siku za usoni ili beringi zitiwe grisi na kurekebishwa. Ukiichomelea, umefunga nafasi ya beringi kama ilivyo siku hiyo, sawa au si sawa, na siku ya kuifungua uzi wote utakwenda na msumeno. Joto lenyewe liko karibu na beringi na grisi. Na umeme wa weldingi ukipita kwenye beringi kuelekea kwenye klampu ya eathi, unachoma vidoa vidogo kwenye roli na njia zake, na beringi mpya inaanza kunguruma ndani ya muda mfupi.

Kujaza weldingi na kuchonga upya ni hoja ya heshima zaidi. Arusha na Moshi hazikosi wachongaji wazuri, na vyuo kama Arusha Technical College na VETA Moshi vinaendelea kufundisha ufundi huo. Mchongaji hodari anaweza kukutolea uzi mzuri wa kutazama. Shaka yangu haiko kwenye mashine, iko kwenye kilicho chini ya weldingi. Chuma cha spindo si cha nondo. Kina kaboni ya kutosha kiasi kwamba kikipashwa moto ghafla na kupoa ghafla, kipande kinachopakana na weldingi kinakuwa kigumu na kinachovunjika kwa urahisi. Ili kuzuia hilo, spindo ipashwe moto kwanza hadi nyuzijoto mia mbili na zaidi, itumike fimbo ya haidrojeni ndogo kama 7018 iliyotunzwa pakavu, kisha ipoe polepole imefunikwa. Nani amekuahidi hayo yote? Fimbo inayokaa wazi kwenye kibanda msimu wa masika haitoi kazi hiyo. Tena spindo yako ni bomba: ukizungushia weldingi nje, inapopoa inabana ndani, na tundu linalobeba bushi ya shaba linapoteza unyoofu. Na mfereji wa ulimi unajaa weldingi, kwa hiyo lazima uchongwe upya kwenye mashine nyingine. Ukijumlisha gharama za kazi hiyo yote ikifanywa inavyostahili, umekaribia bei ya spindo, na bado una kitu chenye shaka mbele ya gari. Kwa spindo inayotoka kwa bolti, sioni sababu.

Ushauri wangu hautakuwa huu kwa kila gari, na naliandika hili kwa wengine watakaosoma. Kwenye ekseli ya nyuma ya Land Cruiser ambayo shafti inaelea kabisa, yaani haibebi uzito wa gari, mwisho wa bomba la ekseli ndio spindo yenyewe, haifunguki. Hapo kutengeneza uzi gari likiwa kwenye stendi ndiyo njia ya kwanza, na ukiharibika kabisa ni ama ekseli nzima au fundi maalumu wa kukata na kuunga mwisho wa bomba akiwa na kishikizo cha kunyoosha. Si kazi ya kibandani. Kwenye Hilux za zamani za kuendeshwa nyuma tu, spindo ya mbele imeungana na nako, kwa hiyo unabadilisha nako nzima na kupima upya mwelekeo wa magurudumu. Na kwa gari dogo kama Corolla, uzi unaouona katikati ya habu ni wa jointi ya shafti. Unabadilisha jointi, na nati yake inakazwa kwa nguvu kubwa, kwa Corolla nyingi 216 Nm (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza kwenye spana ya kipimo), kwa sababu beringi yake ni ya aina nyingine. Usichanganye mazoea ya gari hilo na ya Land Cruiser.

Turudi kwa yule wa Unga Ltd. Spindo mtumba siikatai hata kidogo, mradi uichunguze kwa vipimo vile vile nilivyokupa: ukucha, rangi, mfereji, kona ya flenji, nati kwa vidole. Usiende mikono mitupu. Beba spindo yako, nati mpya, na beringi ya ndani na ya nje. Ringi ya beringi iteleze kwenye spindo kwa mkono bila kucheza. Taja namba ya chesesi, kwa sababu ekseli ya mbele ya HZJ75, yenye springi za majani, si ile ya HZJ78 na 79 zilizoanza 1999, zenye springi za koili, na spindo zinazofanana kwa mbali zinaweza kupishana urefu au matundu. Hesabu bolti nane za flenji uzilinganishe kwa kuziweka mgongo kwa mgongo na ya kwako. Tazama na bushi ya ndani. Kama imekwisha, badilisha kabla hujafunga. Muuzaji asiyekuruhusu kuipangusa grisi na kuitazama, mwache na spindo yake.

Kufunga ni nusu ya dawa, kwa hiyo usimwachie kijana wa gereji peke yake. Tia beringi grisi kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili wa roli, weka sili mpya. Pedi za breki ziwe nje, zisije zikakupotosha. Kaza nati ya ndani hadi 59 Nm huku ukizungusha habu huku na huku, ili roli zikae. Legeza mpaka igeuke kwa mkono. Kaza tena kidogo tu, kama 5.4 Nm, ambayo kwa kweli ni nguvu ya kifundo cha mkono. Kisha pima kwa mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wauza samaki: inase kwenye bolti moja ya rimu, vuta kwa pembe mraba, na usome pale habu inapoanza tu kugeuka. Unatafuta kati ya kilo 3 na kilo 5 na nusu hivi. Weka washa mpya ya loki, kaza nati ya nje kwa 60 na ushee Nm, kisha pima tena. Kipimo cha pili ni cha lazima kwako zaidi ya mwingine yeyote, kwa sababu nati ya nje inapokazwa huisukuma ya ndani kwa kiasi cha ule mchezo wa uzi, na uzi uliokonda husukumika zaidi. Kama kimepanda, fungua, legeza ya ndani kidogo, rudia. Kikitulia, kunja pembe moja ya washa juu ya nati ya ndani na nyingine juu ya nati ya nje. Kama una kitabu cha gari lako, namba za kitabu ndizo za kufuata.

Kuhusu dawa za kugundisha uzi, kwa kuwa najua kuna atakayekupendekezea: zinasaidia bolti nzima isilegee kwa mtikisiko. Hazirudishi uzi uliopotea, na kwenye nati ya kurekebisha beringi hazina kazi.

Jumamosi, basi. Kama nati mpya imekwenda kwa vidole, eneo la ndani ni zima, na mizani imesoma sawa mara mbili, gari linaweza kwenda, ila si moja kwa moja na wageni. Endesha kwanza hadi Usa River na kurudi. Rudi uinue gurudumu kwa jeki na stendi, lishike juu na chini ulitikise, kisha gusa habu ya kushoto na ya kulia kwa mgongo wa mkono. Zikiwa na joto linalolingana na gurudumu halichezi, umemaliza. Kama lolote kati ya hayo halijatimia hadi Ijumaa jioni, kodi gari jingine. Najua linauma mfukoni, lakini barabara ya kushuka Seneto kuingia kreta ni ya mtu anayeiamini ekseli yake ya mbele.

Ukiwa safarini, simama Makuyuni ukaguse habu tena. Iliyo sawa inavumilika. Inayokufanya uondoe mkono upesi wakati mwenzake anavumilika inakwambia beringi imebanwa, na hapo hakuna kuendelea hadi ilegezwe. Baada ya barabara mbovu, pedali ya breki ikishuka chini kuliko kawaida kwenye kukanyaga kwa kwanza na kupanda kwenye kukanyaga kwa pili, beringi imelegea: disko inayumba na kuzirudisha pedi nyuma. Usukani ukitangatanga, au ukisikia mngurumo unaobadilika unapokata kona, ni hivyo hivyo. Na ikiwa baada ya yote niliyoandika nati inagoma, au hukuelewa eneo la jeraha, usifunge. Ipeleke spindo, ikiwa imetolewa na kusafishwa, kwa fundi wa ekseli mwenye kalipa na mizani mezani kwake, akaishike mkononi. Ukirudi na wageni, pima tena baada ya kilomita mia tano hivi, kwa sababu beringi na uzi mpya hukaa kidogo baada ya kazi ya kwanza.